Maswali ya Wasomaji: Uso wa Elektrodi Ndo Unaokula Umeme Wako

Toleo lililopita tuligusia kidogo habari ya kupasua maji kwa umeme ili kupata haidrojeni, kwa kutumbukiza elektrodi mbili, yaani vipande viwili vya metali vinavyoingiza umeme majini, na barua zilizokuja baada ya hapo ni nyingi kuliko tulivyotegemea, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: mbona natumia umeme mwingi napata gesi kidogo? Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake ndani yake kuna karibu kila kosa ambalo watu wengi wanalifanya, na mimi mwenyewe niliwahi kuyafanya yote.

Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu tunafanya projekti ya kutengeneza haidrojeni. Tumeweka pleti mbili za stenlesi, kila moja sentimita 10 kwa 10, zimeachana sentimita 3, kwenye maji yenye kostiki (sodiamu haidroksaidi) gramu 40 kwa lita. Ili tupate ampea 10 inabidi tupandishe hadi volti 3.4, na baada ya siku mbili maji yamegeuka njano. Mmoja wetu anasema tutafute pleti kubwa, mwingine anasema bila platinamu hatufiki popote. Tufanyeje kuuboresha uso wa elektrodi? – Wanafunzi watatu wa diploma

Marahaba wanangu. Kabla ya kitu chochote, hiyo njano. Zimeni mtambo leo leo. Stenlesi ina kromiamu ndani yake, na pleti ya upande wa chanya ikisukumwa kwenye alkali, kama hiyo kostiki yenu, ile kromiamu inatoka inaingia kwenye maji ikiwa kromiamu ya valensi 6, ndo inayoleta hiyo rangi, na hiyo ni sumu inayosababisha saratani. Msiishike kwa mkono mtupu, msiimwage kwenye sinki wala mtaroni, wekeni kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, andikeni jina juu yake, mpeleke kwa msimamizi wa maabara anayejua taka za kemikali zinapokwenda. Naliweka hili mwanzo kwa sababu nimeona video nyingi watu wanafurahia mapovu huku maji yamekuwa njano kama chai ya tangawizi na hakuna anayesema neno.

Sasa tuje kwenye volti. Kuna kitu mkikielewa hiki mengine yote yatawanyookea: kiasi cha gesi kinaamuliwa na ampea peke yake. Ampea 1 inakupa karibu mililita 7 na nusu za haidrojeni kwa dakika kwenye joto la kawaida la chumba, uwe na platinamu au uwe na pleti ya stenlesi iliyochakaa, hiyo ndo hesabu ya mwanasayansi Faraday tangu miaka ya 1830 na haijali elektrodi yako ni nzuri au mbaya. Kinachobadilika ni volti unazohitaji ili hizo ampea zipite, na umeme unaoulipia ni volti mara ampea. Kwa hiyo uso mzuri haukuongezei gesi kwa ampea ileile, unakupunguzia volti.

Kilo 1 ya haidrojeni inahitaji ampea-saa kama 26,600. Chukua volti za mtambo wako zidisha kwa 26.6, unapata kilowati-saa kwa kilo. Nyinyi mna volti 3.4, yaani karibu kilowati-saa 90. Kinadharia maji yanaanza kupasuka kwenye volti 1.23, ila hapo yanadai joto toka nje, ukitaka umeme peke yake ulipie kila kitu ni volti 1.48, ambayo ni kilowati-saa 39.4. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya umeme wenu unachemsha tu maji, wekeni mkono nje ya chombo mtasikia joto.

Hiyo hasara iko wapi? Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mmeniuliza kuhusu uso na jibu la kweli ni kwamba kwenu nyinyi uso bado haujawa tatizo kubwa. Kostiki ya gramu 40 kwa lita inapitisha umeme kivivu, na mmeweka nafasi ya sentimita 3, basi ile njia ya maji peke yake inakula karibu volti 1 na nusu. Toa hiyo, toa na 1.23 ya lazima, kinachobaki kama volti 0.7 hivi ndo cha nyuso mbili. Mngenunua platinamu leo mngeokoa sehemu ya hiyo 0.7 halafu ile 1 na nusu ingebaki palepale inawatazama.

Msinisadiki kwa maneno, pimeni. Wekeni ampea 10, someni volti kwa nafasi ya sentimita 3, halafu 2, halafu 1, muwe mnaacha joto lilelile, chora grafu na uvute mstari mpaka nafasi ya sifuri. Pale mstari unapokata mhimili wa volti ndo pana volti zenu zisizohusika na maji, ukitoa 1.23 umebaki na deni la nyuso. Kazi ya nusu saa, na inawapa ukurasa mzuri sana wa ripoti kuliko picha za mapovu. Viwandani wameshamaliza hii habari ya nafasi, wanabana elektrodi mbili zenye matundu moja kwa moja kwenye kizuizi cha kutenganisha gesi mbili, chembamba kama nusu milimita hivi, na wanatumia potasiamu haidroksaidi ya asilimia 25 hadi 30 iliyopashwa mpaka nyuzi 70 au 90.

Mkishapunguza nafasi ndo sasa uso. Tupeni stenlesi upande wa chanya, tafuteni nikeli, nikeli kwenye alkali inavaa koti lake la oksaidi inakaa miaka. Na sio lazima iwe pleti, tafuteni wavu wa nikeli au ile nikeli iliyo kama sponji. Eneo la uso sio urefu mara upana, eneo ni kila kilima na kila shimo ambalo maji yanaligusa. Kwa kathodi ya nikeli, yaani elektrodi ya upande wa hasi inakotoka haidrojeni, kila ukiongeza eneo halisi mara 10 kwa ampea zilezile unapunguza takriban volti 0.12, ambayo kwa kilo ya haidrojeni ni kama kilowati-saa 3.2. Inaonekana kidogo? Mtambo unaotoa tani moja kwa siku unaokoa kilowati-saa 3,200 kila siku kwa kuongeza tu eneo la uso, na unaliongeza mara moja.

Msasa mbovumbovu unasaidia, anzeni nao, ila usitegemee miujiza, msasa unaongeza eneo mara mbili tatu, sio mara mia. Na yule mwenzenu wa pleti kubwa hajakosea kabisa, pleti kubwa inagawanya mzigo, ila chombo nacho kinakua na kila kitu kinakuwa kizito, wakati sponji la nikeli linakupa eneo hilo ndani ya nafasi ileile.

Mhariri, kwa nini kila mtu anataja platinamu? Ina nini ambacho nikeli haina? – Msomaji mpenda kemia

Swali zuri na jibu lake ni zuri zaidi. Haidrojeni haitoki kwenye maji ikiwa gesi moja kwa moja. Kwanza atomu moja inang'ang'ania kwenye uso wa chuma, halafu inakutana na mwenzake, zinaungana, zinaondoka. Sasa uso ukiwa na mshiko mkali sana zile atomu zinaganda pale hazitaki kuondoka, zinaziba viti. Ukiwa na mshiko dhaifu hazikai kabisa, hazipati muda wa kukutana. Unataka mshiko wa katikati. Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata Nobel 1912, ndo anayehusishwa na hili wazo, na mwaka 1972 Mwitaliano Sergio Trasatti alizipanga metali kwenye mchoro mmoja, upande huu nguvu ya mshiko, upande huu kasi ya kutoa gesi, ikatokea umbo la mlima: risasi na zebaki chini upande wa mshiko dhaifu, molibdenamu na tangsteni chini upande wa mshiko mkali, na platinamu imekaa kileleni. Nikeli iko njiani kupanda.

Na hapo ndo watu wakapata akili. Kama huyu ana mshiko mkali na yule ana mshiko wa wastani, tukiwachanganya? Nikeli ikichanganywa na molibdenamu inatoa kathodi nzuri kweli kweli kwa alkali, bila hata chembe ya platinamu. Tena kwenye alkali platinamu yenyewe inapoteza kasi sana ukilinganisha na kwenye asidi, manake kwenye alkali hakuna protoni za bure za kuokota, inabidi kwanza uvunje molekuli ya maji ndo upate hiyo atomu, na platinamu sio hodari wa kuvunja. Kwa hiyo ukiwa na mtambo wa alkali usijinyime usingizi kwa ajili ya platinamu.

Penye shida ya kweli ya metali adimu ni mitambo ya asidi, ile yenye utando wa plastiki katikati. Kule upande wa oksijeni asidi na volti vinakula karibu kila metali, inayostahimili na bado ikafanya kazi ni iridiamu, na dunia nzima inachimba iridiamu kama tani 7 au 8 hivi kwa mwaka, nyingi ikitoka Afrika Kusini kama mabaki ya uchimbaji wa platinamu. Ndo maana utafiti mkubwa sasa ni kuipaka iridiamu nyembamba na nyembamba zaidi bila kuharibu kazi yake.

Mapovu yanaganda kwenye pleti yangu, nikigonga chombo yanapanda yote kwa mpigo na ampea zinaruka juu kidogo halafu zinashuka tena. Ni kawaida? – Fundi wa mitambo

Ni kawaida fundi, na umeona kwa macho yako kitu ambacho wengine wanakisoma tu. Hizo ampea kuruka ulipogonga ni ushahidi: kila kiputo kilichokaa pale kimefunika sehemu ya uso, hapo chini yake pakavu, hakuna kazi inayofanyika, na sehemu iliyobaki inabebeshwa mzigo wa wenzake.

Nakushauri kitu, chukua lenzi ya kukuzia, weka taa pembeni, iangalie pleti kwa karibu ikiwa kwenye ampea ndogo. Kwenye nikeli laini iliyong'arishwa utaona kiputo kinazaliwa kwenye mkwaruzo, kinavimba taratibu, kinameza jirani yake, kinafika hata milimita moja au zaidi bado kimeshikilia kwa mguu mpana, mpaka kielelee chenyewe kwa uzito wa maji yanayokisukuma. Sasa weka pembeni kipande cha nikeli chenye uso wa vinyweleo vidogo vidogo sana, ambao umepakwa nikeli kwa umeme haraka haraka mpaka ukawa kama velveti nyeusi. Mi nilipoangalia mara ya kwanza nilidhani mtambo umezima, hakuna viputo vya kuonekana, kumbe vinatoka vikiwa vidogo kiasi kwamba unaona kama moshi mweupe unapanda toka kwenye uso. Nilikaa pale muda mrefu nikiangalia tu.

Sababu ni kwamba maji yanaingia kati ya vile vinyweleo na kukaa, hivyo kiputo kinasimama juu ya ncha tu, hakina pa kuweka mguu, kikiwa bado kidogo kinang'oka. Kwa hiyo unataka uso unaopenda maji na kuchukia gesi. Ukiona tone la maji linajiviringisha juu ya elektrodi yako kama kwenye jani la myugwa, kuna mafuta, osha. Hilo la mafuta linasahaulika sana, alama za vidole tu zinatosha kushikisha viputo. Nyingine ni umbo, wavu uliosimama wima unaachia gesi vizuri kuliko pleti iliyolala, na ukizungusha maji kwa pampu yanavisukuma viputo vinavyobaki.

Mwalimu nimesoma kuhusu nikeli ya Raney, naweza kuitengeneza nyumbani? – Kijana mwenye karakana ndogo

Mdogo wangu, nakueleza inavyofanya kazi halafu nakuambia kwa nini sitaki uifanye peke yako.

Murray Raney alikuwa mhandisi Mmarekani, alikuwa anatafuta namna bora ya kugandisha mafuta ya mimea, na hataza yake ya nikeli na aluminiamu ni ya 1927. Unayeyusha nikeli na aluminiamu pamoja, karibu nusu kwa nusu, halafu unatumbukiza kwenye kostiki kali. Kostiki inakula aluminiamu inaiacha nikeli, na pale aluminiamu ilipokuwa panabaki shimo, mamilioni ya mashimo madogo kuliko jicho linavyoweza kuona, gramu moja inaweza kuwa na uso wa mita za mraba kama 100. Viwanda vya alkali vinapaka mchanganyiko huo juu ya wavu wa nikeli halafu wanautoboa uso kwa kostiki namna hiyohiyo, ni moja ya kathodi zilizodumu muda mrefu sokoni.

Hatari yake: wakati kostiki inakula aluminiamu inatoa haidrojeni nyingi na joto kwa wakati mmoja. Na ile nikeli ikishakuwa na mashimo, ikikauka tu kwenye hewa inawaka yenyewe bila kiberiti. Sasa piga picha, gesi inayowaka kwenye hewa kuanzia asilimia 4 hadi 75, pembeni yake kitu kinachojiwasha. Inatunzwa ndani ya maji muda wote. Ukitaka kujifunza, jifunzie kwenye maabara yenye kabati la kuvuta hewa chafu na mtu aliyewahi kuifanya. Kwa karakana yako paka nikeli kwa umeme, ukiiendesha kwa ampea kubwa zaidi ya kawaida tabaka linatoka chafu na lenye vinundu, na kwa kazi yetu hicho kinundu ndo unachokitaka. Hata hapo lakini vaa glavu na miwani, chumvi za nikeli sio rafiki wa ngozi wala mapafu.

Je naweza kutumia chumvi ya mezani badala ya kostiki? – Msomaji

Hapana. Upande wa chanya utatoa klorini badala ya oksijeni, ni gesi ya sumu, na itakula hiyo pleti yako. Ukihofia kostiki tumia sodiamu kaboneti, inapitisha umeme kwa shida kuliko kostiki lakini haitakuua.

Kaka, mtambo wangu mdogo umeunganishwa na paneli za sola. Elektrodi zote ni wavu wa nikeli, mwanzo ulikuwa safi, sasa miezi mitatu volti zimepanda kwa ampea zilezile, na nikiuzima jioni mita inaonyesha bado kuna volti. Halafu mtu kaniambia kutu ya chuma imeingia ndo imeharibu. Ni kweli? – Mjaribu

Umeandika mambo mawili na yote yana ukweli nusu. Tuanze na kutu. Chuma upande wa oksijeni sio adui, ni kinyume chake. Mwaka 1987 mtafiti Corrigan alionyesha kwamba chuma kidogo sana ndani ya nikeli, hata kile kilichoingia kama uchafu wa kemikali, kinashusha volti za kutoa oksijeni, na kufikia 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, waliposafisha kabisa chuma kwenye potasiamu haidroksaidi wakakuta nikeli tupu inafanya kazi vibaya. Yaani miaka yote watu walikuwa wanaisifia nikeli, kumbe kazi kubwa ilikuwa ya chuma kilichojificha ndani yake. Leo tabaka la nikeli na chuma ni katika nyuso bora tunazozijua kwa upande wa oksijeni kwenye alkali, na kulipaka sio kazi ngumu. Kwa hiyo anodi yako, yaani upande wa chanya, huenda imenufaika na hiyo kutu.

Kathodi ni hadithi nyingine. Kile chuma kinachozunguka kwenye maji kinakuja kutulia pale, kinajenga tabaka jeusi taratibu, na kwenye wavu wa nikeli wa kawaida halina shida sana ila ukiwa na uso wa vinyweleo au wa molibdenamu linafukia kila ulichokitengeneza. Na kama umeongezea maji ya bomba, utakuta na ukoko mweupe, hiyo ni kalsiamu na magnesiamu. Ongeza maji yaliyokenekwa peke yake, mtambo unakunywa lita 9 hivi kwa kila kilo ya haidrojeni, uchafu wote wa hizo lita unabaki ndani, hautoki na gesi.

Sababu ya pili ya kathodi kuchoka ni haidrojeni yenyewe, ikikaa inazalishwa miezi inapenya ndani ya nikeli na kutengeneza haidraidi (nikeli iliyofungamana na haidrojeni) juu juu, na mshiko ule niliousema kwenye swali la platinamu unabadilika.

Na ya tatu ndo hizo volti za jioni. Ukizima paneli, upande mmoja una oksaidi ya nikeli iliyochajiwa, upande mwingine una haidrojeni, hapo una betri. Kama kuna njia yoyote ya umeme kurudi, kupitia waya wa paneli au kupitia mabomba ya maji yanayounganisha seli na seli, hiyo betri inajimaliza chaji, mkondo unapita kinyumenyume, kathodi inageuzwa anodi kwa muda na ule uso wake unaokisidaika. Asubuhi unaanza tena. Fanya hivyo kila siku miezi mitatu, elektrodi yenye molibdenamu huenda ingekuwa imeshapoteza sehemu ya molibdenamu yake, wewe una bahati una nikeli tupu.

Cha kufanya: weka dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kati ya paneli na mtambo ili usiku umeme usirudi, na ukiweza acha betri ndogo iendelee kusukuma mkondo mdogo sana usiku kucha ili kathodi ibaki kathodi, hiyo gesi kidogo inayotoka itolewe nje kwenye hewa wazi, usiifungie chumbani. Kama ulimwagilia maji ya bomba, toa wavu, usuuze, uloweke kwenye siki ukoko utoke, usuuze tena vizuri kabla haujarudi kwenye alkali. Halafu nunua daftari. Kila asubuhi, mtambo ukiwa kwenye joto lilelile na ampea zilezile, andika volti. Ukianza leo, baada ya wiki mbili nitumie hizo namba na tarehe ulizozima, nitakuambia ni ukoko, ni haidraidi au ni mkondo wa jioni, manake kila kimoja kinapandisha volti kwa mwendo wake.